Tamasha la chakula na mvinyo kando ya Ziwa Victoria, Uganda: mwongozo kamili wa kufika, kula, kuonja na kurudi salama

Ukija kwenye tamasha la chakula na mvinyo kwenye mwambao wa Uganda, njoo kwa ajili ya chakula, mvinyo ufuate nyuma. Mvinyo mwingi utakaomiminiwa pale umetoka Afrika Kusini, Italia, Ufaransa au Chile, na unaweza kuununua siku yoyote kwenye supamaketi za Kampala. Lakini sato aliyetolewa majini alfajiri, kitoweo cha luwombo kilichofungwa kwenye jani la mgomba, gonja, yaani ndizi tamu, inayochomwa mbele ya macho yako huku upepo wa ziwa ukikupiga usoni, hivyo havikai kwenye rafu. Anayelijua hilo mapema huipanga siku yake vizuri na hurudi nyumbani anakumbuka alichokula.

Nimewaandikia zaidi ndugu zetu wanaotoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, na pia wenzetu tunaoishi nao hapa ambao bado hawajawahi kujaribu.

Kwanza, jua unakwenda mwambao upi

Sherehe za aina hii hufanyika kwenye bustani za hoteli, fukwe na viwanja vya nyasi vinavyotazama maji. Kuna pande tatu utakazosikia zaidi: Entebbe, Munyonyo na Jinja. Kila upande una safari yake, kwa hiyo usikate tiketi kabla hujaangalia ramani.

Entebbe iko yapata kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala, na uwanja wa ndege uko hapo hapo. Anayekuja kwa ndege hana haja ya kuigusa Kampala kabisa. Ukiwa na asubuhi huru, Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 iko kando ya ziwa, na kivuli chake ni dawa kabla ya jua la alasiri.

Munyonyo iko kusini mwa Kampala, na jirani yake ni Ggaba, penye soko na gati la samaki. Kwa mpenda chakula, huu ndio upande ninaoupenda kuliko yote, maana samaki unamwona anashushwa mtumbwini kabla hujamkuta kwenye sahani.

Jinja iko kama kilomita 80 mashariki, pale Mto Nile unapolitoka ziwa. Mkenya anayepitia Busia au Malaba kwa basi huipita Jinja kabla ya kufika Kampala. Kama tamasha liko Jinja, shukia hapo hapo, usipelekwe Kampala halafu urudi kinyumenyume. Barabara ya Kampala na Jinja ina foleni nzito Mukono, hasa Ijumaa jioni na Jumapili jioni.

Tarehe na hali ya hewa

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi yenye afadhali. Nasema afadhali kwa sababu kando ya ziwa mvua inaweza kushuka mwezi wowote, na aghalabu hujikusanya usiku juu ya maji na kupiga mwambao alfajiri. Nyasi utazikuta zimelowa hata kama mchana ni mkavu. Vaa viatu bapa vilivyofunika vidole. Visigino virefu vitazama kwenye udongo.

Tuko karibu mno na ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa ziwa hukudanganya kwamba kuna baridi, kumbe jua linakuunguza. Kofia, mafuta ya kujikinga na jua, na sweta jepesi kwa ajili ya jioni. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi.

Kuna jambo moja wageni hawaambiwi: inzi wa ziwa, ambao Waganda huwaita essami. Siku nyingine huinuka majini kwa wingi kama moshi na kuzifuata taa. Hawaumi, lakini wataingia kwenye glasi yako. Giza likianza, kaa mbali na taa kali na ufunike glasi kwa kitambaa cha karatasi.

Karatasi, tiketi na hela

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya na Rwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Wote beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana mpakani kinaweza kuulizwa.

Kabla ya kulipia tiketi, uliza maswali manne: tiketi inajumuisha nini, yaani ni kiingilio tu au kuna glasi na kuponi za kuonja, watoto wanaruhusiwa au la, ukitoka unaruhusiwa kuingia tena, na mvua ikinyesha kuna hema au hakuna. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu siku za watu. Umri wa kisheria wa kunywa pombe Uganda ni miaka 18, kwa hiyo vijana waje na kitambulisho.

Hela ya simu ndiyo inayofanya kazi kila kona, MTN na Airtel. Kama huna laini ya Uganda, badilisha pesa mapema mjini, si mpakani kwa vijana wa barabarani. Chukua noti ndogo ndogo. Mama anayeuza gonja hatakuwa na chenji ya noti ya 50,000 saa tano asubuhi.

Kufika

Ukitoka Kampala kwenda Entebbe kwa gari, barabara ya haraka iliyofunguliwa mwaka 2018 inaokoa muda mwingi. Tangu Januari 2022 inalipiwa, na gari dogo hutozwa shilingi 5,000. Ina tawi linaloshuka Munyonyo. Bodaboda haziruhusiwi huko, kwa hiyo mwendesha boda akikuambia atakupitisha, mkatalie.

Teksi za abiria, yaani zile ambazo Mkenya angeziita matatu na Mtanzania daladala, zinakwenda Entebbe kutwa nzima kwa bei nafuu. Mwambie kondakta mapema pa kukushushia. Lakini kwa siku yenye mvinyo, ushauri wangu ni huu: njoo kwa teksi ukitaka, ila kurudi kupange tangu asubuhi. Nitalirudia mbele.

Kabla ya kutoka nyumbani, kula. Usishibe, lakini weka kitu chenye mafuta na wanga tumboni. Katogo, yaani matooke (ndizi za kupika) yaliyopikwa pamoja na matumbo au maini, inatosha sana. Kunywa maji, na ubebe chupa nyingine.

Ukifika, usinunue chochote kwa nusu saa ya kwanza

Fika saa tano au saa sita, milango ikifunguliwa. Zunguka uwanja wote ukiwa na mikono mitupu. Angalia nani anawasha mkaa sasa hivi na nani anapasha moto chakula cha jana. Angalia foleni za wenyeji, hasa akina mama wa makamo, maana hao hawapotezi hela kwenye chakula kibaya. Angalia choo kiko wapi na maji ya kunawa yako wapi.

Halafu chagua pa kukaa. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Ukikaa upande wa maji, moshi wa majiko ya nyama unakwenda nyuma yako. Ukikaa upande wa barabarani, unakujia wote machoni na hutanusa mvinyo hata mmoja. Tandika mkeka wako upande wa maji mapema, kivulini.

Salamu kidogo za Kiganda zinafungua mioyo. Mwanamke ni *nnyabo*, mwanamume ni *ssebo*. *Oli otya, nnyabo* kabla ya kuuliza bei, na *webale* baada ya kupokea. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na wengi watakujibu, lakini ukianza na salamu yao unapewa kipande kizuri.

Anza na samaki

Majina yatakuchanganya kidogo. Sato wa Tanzania hapa ni ngege, kama Kenya. Sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta, hapa ni mputa. Dagaa ni mukene.

Agiza ngege mzima wa kukaanga. Kabla hajaingia kwenye mafuta, omba umwone. Macho yawe yametuna na kung'aa, matamvua ndani ya mashavu yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Mpishi mzuri humchanja mara tatu au nne kila ubavu, chumvi iingie hadi kwenye mfupa, kisha humtumbukiza kwenye mafuta yaliyochemka kweli. Sikiliza: mafuta yakipiga kelele kali tangu mwanzo, ngozi itakauka na nyama itabaki na maji yake. Mafuta yakiwa kimya, samaki atayanywa na atakulemea tumboni siku nzima. Akitoka, kamulia limau akiwa bado anachirizika, kula kwa vidole, anza na nyama ya shavuni. Mkia uliokauka utafune mwisho.

Sangara ni mwingine kabisa. Ana mafuta, nyama yake nyeupe ni nene, na anafaa kwenye mishikaki au kuchomwa vipande. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akastawi hadi akawala na kuwamaliza samaki wengi wadogo wa asili wanaoitwa nkejje. Ndiyo maana ukiona mtu anauza nkejje wakavu waliopikwa kwenye mchuzi wa karanga, simama hapo. Hicho ni chakula ambacho bibi wa Kiganda alikuwa akiwapa wajukuu wapate nguvu, na hakipatikani kwa wingi tena.

Ukimkuta mtu anakaanga visamaki vichanga, mpite. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya inchi 20 na ngege wa chini ya inchi 11, na mwaka 2017 jeshi lilianza doria ziwani kwa ajili hiyo. Ziwa hili linalisha watu wengi mno. Anayenunua vichanga anasaidia kulimaliza.

Luwombo, na namna ya kuitambua ya kweli

Husimuliwa kwamba luwombo ilibuniwa mwaka 1887 na Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga. Hata kama ungekula kitu kimoja tu siku hiyo, ningetaka kiwe hiki. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka linalainika na kushika harufu ya moshi, uti wake wa kati huchunwa, kisha kuku, nyama ya ng'ombe au uyoga huwekwa ndani pamoja na mchuzi, mara nyingi wa karanga. Hukunjwa, hufungwa kwa kamba ya mgomba, na kupikwa kwa mvuke saa kadhaa.

Itambue hivi: jani lililopikwa muda mrefu hupoteza ukijani wake, likawa na rangi ya zeituni inayoelekea kahawia. Ukiletewa kifungu chenye jani la kijani kibichi linalong'aa, chakula kilipikwa sufuriani kikavalishwa jani dakika ya mwisho. Na kifungu kifunguliwe mbele yako. Mvuke wa kwanza unaotoka, wenye moshi, karanga na jani, ni nusu ya chakula chenyewe. Kula na matooke iliyopondwa ikiwa ya moto, ikipoa hukakamaa.

Nyama choma hapa huitwa muchomo. Mbuzi ndiye bora, na gonja pembeni. Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, iache kwa ajili ya saa ya kuondoka. Ukija Novemba, ulizia nsenene, panzi wa kijani wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Wageni wengi husita, jaribu mmoja.

Sasa mvinyo

Uganda si nchi ya zabibu. Mzabibu unahitaji kipindi cha kupumzika, na hapa hakuna baridi wala ukame mrefu wa kuulaza, na unyevu huleta ukungu kwenye majani. Dodoma, Tanzania, zabibu zinastawi kwa sababu ya miezi yake mingi mikavu.

Kuonja kwa kawaida ni mililita 50 hadi 75. Glasi kamili ni 150, na chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Shika glasi kwa mguu wake, si kwa tumbo, maana kiganja hupasha mvinyo moto. Nusa kwanza, nywa kidogo, zungusha mdomoni, halafu ama umeze ama uteme kwenye ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kutema si utovu wa adabu hata kidogo. Anza na mweupe, kisha mwekundu, mtamu uwe wa mwisho, na maji katikati ya kila glasi.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye mahema ni mvinyo mwekundu wa moto. Husemwa unywewe katika joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha nyuzi 16 hadi 18. Alasiri ya Entebbe hufika 26 au 27, na mvinyo wa joto hilo hautoi harufu nyingine ila ya spiriti. Mwombe mhudumu aitumbukize chupa kwenye ndoo ya barafu dakika kumi na tano. Atakushangaa, kisha atawafanyia na wengine. Mweupe uwe wa baridi hasa, nyuzi 8 hadi 10.

Kuoanisha na vyakula vyetu ndiko kwenye raha yote. Ngege wa kukaanga na limau anataka mvinyo mweupe wenye uchachu, na Sauvignon Blanc hukata mafuta vizuri. Luwombo ya karanga ni nzito na laini, uchachu mkali hugombana nayo. Ipe Chenin Blanc ya Afrika Kusini yenye mwili kidogo, yaani nzito kidogo mdomoni. Muchomo wa mbuzi unabeba Shiraz au Pinotage, kwa kuwa mafuta ya nyama hulainisha ule ukakasi wa mvinyo mwekundu unaokausha ulimi. Lakini ukishaweka pilipili nyingi, weka mwekundu kando, maana ukakasi na kileo huichochea pilipili ikawaka zaidi. Hapo chukua mweupe wenye utamu kidogo. Nsenene na mvinyo wa povu, chumvi na mapovu, ni ndoa ambayo ningependa kila hema liifungishe.

Usiondoke bila kuonja vya nyumbani. Kuna mvinyo wa nanasi, wa rozela na wa ndizi, unaotengenezwa na wajasiriamali wadogo. Baadhi ni mtamu mno, baadhi ni mzuri kweli. Wa rozela usio na sukari nyingi ndio ninaoupendekeza, hasa kwa sangara. Na kuna tonto, bia ya ndizi: ndizi mbivu hukamuliwa kwa kusuguliwa na nyasi, maji yake matamu huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakalazwa kwenye kihori cha mbao kilichofunikwa kwa majani ya mgomba mpaka yachachuke. Ajon ya Wateso, ya ulezi, hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja; uliza kama kuna mrija wako peke yako.

Waragi, pombe kali ya hapa, nunua iliyofungwa kiwandani tu. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa Kabale na wilaya za jirani kwa kunywa waragi yenye methanoli. Kwenye jambo hili usione haya kukataa unachokaribishwa.

Kwa asiyekunywa, na anayekula halali

Tamasha ni lako pia. Munanansi, kinywaji cha nanasi na tangawizi, inakwenda na samaki kuliko mvinyo wowote wa bei rahisi. Uliza tu ni ya leo, maana ikikaa huanza kuchacha. Kuna juisi ya pasheni na bushera, uji wa mtama, isiyochachuka. Kuhusu nyama, Waganda wanapenda nguruwe sana, na jiko moja laweza kuchoma nguruwe na mbuzi kwa koleo lile lile. Uliza waziwazi nani amechinja na jiko ni la nani. Ukipata shaka, rudi kwa samaki, na hutakuwa umepoteza kitu.

Ziwa lenyewe

Usiogelee kwenye maji yaliyotulia karibu na matete. Konokono wa hapo hubeba kichocho. Na boti za matembezi: hakuna jaketi la kuokolea maisha, hakuna safari. Novemba 2018 boti ya starehe iliyojaa watu ilizama upande wa Mukono, wakafa zaidi ya 30, wengi wao wakiwa hawana majaketi. Panda kabla hujanywa, vaa jaketi lifungwe, na ukiona watu wanazidi, shuka.

Kurudi

Glasi moja ya mililita 150 yenye kileo cha asilimia 13 ina gramu 15 hivi za kileo, na mwili huhitaji takriban saa mbili kuimaliza. Kahawa haiharakishi. Polisi wa Uganda huwapulizisha madereva kipimo ambacho wenyeji hukiita kawunyemu, na kikomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Ukinywa, usiendeshe kabisa. Teua dereva asiyekunywa tangu asubuhi, au lala jirani, au agiza gari kwa programu ya simu saa moja kabla ya kila mtu kuondoka, maana tamasha likifungwa bei hupanda na magari hukosekana. Boda usiku baada ya mvinyo, hata ukiwa abiria tu, mimi siikubali. Mtu aliyelewa huanguka.

Anayerudi Kampala kutoka Jinja asimame njiani Namawojjolo, kuna kuku wa kuchoma na gonja dirishani pa gari. Aliyelala Munyonyo aamke mapema aende Ggaba kununua samaki wa kubeba. Kwa safari ya basi chukua wa moshi aliyekauka vizuri, mfunge kwa magazeti na si kwa plastiki, asitoe jasho. Wa mbichi mnunue tu ukiwa na kisanduku cha barafu, mwambie muuzaji amtoe matumbo na matamvua hapo hapo, na ujaze barafu tumboni mwake kabla ya kufunga.